Stika Sitini na Moja za Kijani

Kosa lenyewe lilichukua chini ya dakika moja. Kulinyamazia kulichukua wiki saba. Ninaeleza hapa kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio kazi niliyosomea, na kwa sababu nilipotakiwa kueleza kwa wakati wake sikueleza.

Mimi ni afisa mipango miji. Mji wetu ni mdogo. Ukimwaga ndoo ya maji kwenye kilima cha hospitali, unaweza kushuka polepole hadi stendi na kuyangoja yafike. Mwaka ule halmashauri iliamua kuandaa Mpango Mkuu wa miaka ishirini. Iliamua pia, kwa mara ya kwanza, kwamba wakazi waulizwe wanataka nini. Mkuu wa idara aliniteua kuongoza kazi ya kukusanya maoni. Alisema nina subira na watu wananiamini. Yote mawili yalikuwa kweli wakati huo.

Njia tuliyotumia ilikuwa rahisi. Katika kila mtaa tulitundika ramani kubwa ya mtaa huo ukutani, mara nyingi ndani ya darasa la shule ya msingi. Kila mkazi alipewa stika tatu nyekundu na tatu za kijani, ndogo na za duara. Nyekundu ilimaanisha: hapa pasiguswe. Kijani ilimaanisha: hapa pabadilishwe. Mtu alipanga foleni, akafika kwenye ramani, akabandika, akaenda zake. Hakuhitaji kujua kusoma wala kuhutubia. Maana ya rangi ilichapwa kwenye pembe ya chini ya kila ramani. Baadaye mwenzangu wa takwimu alizihesabu stika, na hesabu hiyo ndiyo iliyoingia kwenye ripoti.

Mtaa wa mwisho kwenye ratiba ulikuwa wa kwetu. Nimekulia huko kwa mama yangu mdogo, ambaye ni dobi. Anafua mashuka ya zahanati na ya nyumba mbili za wageni. Anafulia katika uwanja wa kufulia ulio katikati ya mtaa: makaro kumi na mawili ya saruji, mabomba sita ambayo manne hutoa maji, na kamba za kuanikia zinazoukata uwanja kutoka pembe hadi pembe. Wanawake wapatao thelathini wanaishi kwa uwanja ule. Wengine wote hupita hapo kila siku, kuchota maji, kujuliana hali na kusengenyana.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Asubuhi tulikuwa mtaa wa jirani, na watu wa huko waliturudishia kijani, wakaomba nyekundu zaidi wakazibandika kila mahali, kana kwamba tingatinga limeshawashwa nje. Mzee mmoja aliyebakiwa na stika alijibandika kifuani.

"Na mimi nisiguswe," alisema.

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Sikuhesabu stika zilizobaki.

Tulipofika mtaani kwetu alasiri nilifungua boksi nikakuta karatasi chache za nyekundu na lundo la kijani. Watu zaidi ya tisini walikuwa wamekwisha kujaa darasani na kwenye ukumbi wa nje. Niliwajua watu wangu. Nilijua watakachotaka kukilinda ni kingi na watakachotaka kukibadilisha ni kichache. Nyekundu zisingetosha hata nusu saa. Nikaamua kugeuza.

Mlangoni alisimama kinyozi wa mtaa, ambaye kila mtu humwita Fundi. Alikuwa amejitolea kupanga foleni. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti inayosikika bila kipaza sauti, na duka lake linatazamana na uwanja wa kufulia.

"Fundi, nyekundu zimebaki chache," nilimwambia. "Leo tunageuza. Kijani ni pasiguswe. Nyekundu ni pabadilishwe. Mwambie hivyo kila anayeingia."

"Kijani pasiguswe, nyekundu pabadilishwe."

"Hivyohivyo."

"Isije ikawa nawachanganya watu wa watu, binti."

"Nitaandika na kwenye ramani. Usiwe na wasiwasi."

Sikuandika. Nilikuwa nikitafuta kalamu ya wino mzito kwenye mkoba wakati mwenyekiti wa mtaa aliponiita nikaamue ugomvi wa mabenchi ya mbele. Nilipomaliza ugomvi foleni ilikuwa imeanza, na Fundi alikuwa akiwaambia watu mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wamekwisha kusikia mara mbili. Kazi ilikwenda vizuri. Jioni tulikunja ramani. Jumatatu asubuhi nilisafiri kwenda semina ya siku kumi, na ramani zote zikaenda kwa mwenzangu wa takwimu. Yeye alifanya kile ambacho ningefanya mimi. Alisoma maana ya rangi kwenye pembe ya ramani, akahesabu.

Niliporudi, rasimu ya ripoti ilikuwa mezani kwangu, imejalidiwa, jina langu likiwa la kwanza. Niliifungua kwenye ukurasa wa mtaa wetu kwa furaha, kama mtu anayetafuta sura yake kwenye picha ya darasa. Jedwali lilisema: Uwanja wa kufulia, pabadilishwe, stika sitini na moja. Mtaro wa wazi, pasiguswe, stika kumi na tisa.

Nilielewa papo hapo. Sikuhitaji kusoma mara ya pili.

"Watu wa kwenu wana mambo," alisema mwenzangu wa takwimu kutoka meza ya pili. "Wanaupenda ule mtaro! Unafurika kila mvua, unanuka, na wanataka usiguswe."

"Labda wanafuga vyura," alisema mchoraji ramani.

Wote walicheka. Mimi nilicheka pamoja nao. Nimekiri mambo mengi tangu wakati huo, lakini kicheko kile ndicho bado kinanichoma. Mlango wa kusema ulikuwa wazi, tena umefunguliwa kwa mzaha, na mimi nikaufunga kwa kucheka.

Nilijipa sababu. Nilisema nitarekebisha kimyakimya kwenye rasimu ya pili. Lakini asubuhi iliyofuata mkuu wa idara alituita kwenye chumba cha mikutano, na huko kulikuwa na meya, madiwani wanne, na wataalamu wawili kutoka makao makuu. Mkuu wa idara aliinua ripoti juu.

"Kwa miaka yote tumepanga mji huu tukiwa ofisini," alisema. "Leo tuna sauti ya mwananchi mwenyewe, kwa tarakimu. Na aliyetuletea ni huyu binti hapa."

Walipiga makofi. Mtaalamu mmoja aliniuliza kama njia yetu ya stika inaweza kutumika katika miji mingine. Nikasema inaweza, mradi usimamizi uwe makini. Nilitumia neno hilo: makini.

Baada ya makofi yale, kurekebisha kimyakimya hakukuwezekana tena. Kila hatua iliyofuata ilisimama juu ya jedwali lile. Wachoraji walitafuta mahali pa maegesho ya magari na wakapata uwanja ambao wakazi wake, kwa idadi kubwa, wameomba ubadilishwe. Rasimu ya pili ilitoka. Mwenyekiti wa mtaa aliletewa nakala ya ramani na tangazo la kubandika kwenye ubao wa ofisi yake. Tangazo lilisema kwamba, kwa kuzingatia maoni ya wakazi wenyewe, uwanja wa kufulia utakuwa maegesho, na kwamba baada ya mkutano wa hadhara baraza litapiga kura.

Jumapili nilikwenda kwa mama mdogo. Alikuwa uani akikunja mashuka ya zahanati. Bila kuniangalia alinirushia ncha mbili, kama alivyokuwa akifanya tangu niko darasa la pili, nami nikarudi nyuma hadi shuka likanyooka.

"Tangazo umeliona?"

"Nimeliona, mama."

"Eti sisi wenyewe tumeomba. Mimi! Niombe karo langu limwagiwe lami, halafu nikafulie wapi? Kwenye kofia ya meya?"

Tulikutanisha ncha. Alilichukua shuka, akalipiga mkunjo wa mwisho, akachukua jingine.

"Tulikwenda kwa mwenyekiti tukaiangalia ramani," alisema. "Kijani zimejaa pale uwanjani kama tulivyobandika. Lakini pembeni imeandikwa kijani ni pabadilishwe. Imeandikwa chapa, mwanangu, kila mwenye macho anasoma. Sasa nani alituambia kinyume? Ni yuleyule. Alisimama mlangoni pale, kijani pasiguswe, kijani pasiguswe, kama muuza karanga."

"Labda aliambiwa hivyo."

"Na nani? Na wewe?" Alicheka kwa sauti. "Wewe umezisomea ramani miaka minne. Yule kasomea vichwa."

"Lakini mama, atapata faida gani?"

"Wewe mtoto umelala? Duka lake linatazama wapi? Maegesho yakija, kila dereva anayesubiri abiria anaingia kunyolewa. Kajipangia maisha yake. Siku hizi tunamwita Bwana Lami. Akipita tu, wanawake wanamwuliza, Bwana Lami, leo unamwaga wapi?"

"Mnamwita hivyo mbele yake?"

"Tumwite nyuma kwani anatudai heshima? Hata wanaume wamemhama. Wanakwenda kwa yule wa stendi, anayewakata masikio, na wanaridhika." Alitikisa ncha zake. "Vuta shuka. Mbona unalilegeza?"

Nilivuta. Nilisema moyoni: tukimaliza hili shuka, nasema. Tulikunja mashuka ishirini na mawili. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, akamwambia jirani, kwa sauti ya kusikika, kwamba mimi ndiye nitakayewatetea huko juu.

Siku tatu baadaye Fundi alikuja ofisini. Alisubiri zamu yake kwenye benchi la wateja, nyuma ya watu wa vibali vya ujenzi, ingawa niliweza kumwona na yeye aliweza kuniona. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Zamu yake ilipofika aliketi mbele yangu akaweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Afisa."

Hakuwahi kuniita Afisa. Amenijua tangu napelekwa kwake kunyolewa kwa ajili ya chawa.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nina swali moja. Siku ile, mlangoni, uliniambiaje kuhusu rangi?"

Nyuma yangu mwenzangu wa takwimu aliacha kuchapa.

"Watu walikuwa wengi, Fundi. Kulikuwa na kelele."

"Walikuwa wengi kweli. Uliniambiaje?"

"Nitaangalia kwenye kumbukumbu za mkutano."

"Za kwenye karatasi au za kichwani?"

"Zote."

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. "Maana mimi za kichwani zimeanza kunitoroka. Mwanzoni nilikuwa na hakika kama ninavyolijua jina la mama yangu. Mke wangu akaniuliza, una hakika? Nikamwambia nina hakika. Mwenyekiti akauliza. Wateja wakauliza, kabla hawajaacha kuja. Juzi nimekaa kwenye kiti cha duka, kile cha kunyolea, maana hakina mtu wa kukikalia. Nikajitazama kwenye kioo. Nikasema, wewe mzee, huenda ulizichanganya wewe mwenyewe. Umri nao ndio huu." Alinyoosha suruali gotini. "Kama nilizichanganya, niambie tu. Nitakwenda kuwaomba watu radhi. Kukosea si kufa. Ila nataka kujua."

Nilikuwa na nafasi. Alikuwa ameniwekea nafasi hiyo mezani, safi, bila ukali wowote. Nilitazama kalamu yangu.

"Kwa kweli, Fundi," nilisema, "hata mimi sikumbuki vizuri."

Aliondoa mikono magotini. Kisha akasema, "Basi nitakuwa nilizichanganya." Akasimama, akanishukuru kwa muda wangu, akarudisha kiti mahali pake.

Alipotoka, mwenzangu wa takwimu alinijia hadi mezani.

"Alikuwa anauliza nini?"

"Mambo ya mtaani."

"Zile rangi ziko sawa, lakini?"

"Ziko sawa."

Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikasimama hapo. Sikulia. Nililiacha bomba likimwaga maji tu, kama mjinga, hadi mtu alipogonga mlango.

Mkutano wa hadhara ulifanyika katika ukumbi wa halmashauri, Jumatano, saa nne asubuhi. Watu wa mtaa wetu walikuja kama mia moja na ushei. Wafuaji walikaa safu mbili za mbele, mama mdogo katikati yao. Fundi alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na pande zake zote mbili palikuwa wazi ingawa ukumbi ulikuwa umebanana. Meza kuu walikaa meya, madiwani na mkuu wa idara. Mimi nilikuwa na kiti cha pembeni, kompyuta, na fimbo ya kuonyeshea ramani.

Niliwasilisha kwa dakika kumi na tano. Nilifanya vizuri. Hilo nalo ninaliona aibu leo, kwamba niliweza kufanya vizuri.

Meya alikaribisha maoni. Mama mdogo alinyanyuka kabla hajapewa ruhusa.

"Waheshimiwa, sisi hatukuomba maegesho. Magari ya kuegesha hatuna, tuna ndoo. Tulipotoshwa na mtu mmoja, na mtu huyo yumo humu ndani. Tunaomba mambo yarudiwe."

"Bwana Lami!" mtu alipaza sauti, na safu za mbele zikacheka.

Mkuu wa idara aliinamia kipaza sauti. Alieleza kwa upole kwamba maana ya rangi ilichapwa kwenye ramani, kwamba utaratibu ulisimamiwa na mtaalamu, na kwamba mpango wa mji mzima hauwezi kusimama kwa sababu ya kutoelewana kwa watu wa mtaa mmoja. Aliuliza kama kuna mwingine mwenye hoja kabla mkutano haujafungwa na suala halijapelekwa kwenye kura.

Fundi aliinua mkono. Alipita katikati ya viti hadi mbele, na watu walivuta miguu yao pembeni zaidi ya ilivyohitajika. Alikataa kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "niliyesimama mlangoni siku ile ni mimi. Niliyesema kijani pasiguswe ni mimi. Nimekwenda kuuliza kunakohusika, na hakuna anayekumbuka kuniambia hivyo. Kwa hiyo nimekubali kwamba nilizichanganya. Sikutumwa na mtu wala sikutaka maegesho. Naomba radhi kwenu, na kwa akina mama wa makaro naomba mara mbili. Na ninyi waheshimiwa, kosa ni langu peke yangu, msiwaadhibu hawa."

Kulikuwa na minong'ono. Mwanamke mmoja alisonya. Mama mdogo aliinua kidevu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilisimama. Sitaki kusema kwamba nilipiga moyo konde. Nilisimama kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa. Na hata hapo, sentensi iliyonitoka ilikuwa ya ripoti.

"Naomba kufafanua kwamba kulitokea hitilafu katika matumizi ya alama za rangi kwa mtaa huu."

Ukumbi haukuelewa. Mkuu wa idara alinikazia macho. Fundi, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma, aligeuka.

"Hitilafu hiyo ina mwenyewe, Afisa?"

Hakuuliza kwa kunisuta. Alitaka kujua kweli.

"Ni mimi," nilisema. "Stika nyekundu zilikuwa zimebaki chache. Nikamwambia Fundi tugeuze rangi, na alisema sawasawa kama nilivyomwambia. Nilitakiwa kuandika kwenye ramani, sikuandika. Mlibandika kijani kuulinda uwanja wenu. Kosa ni langu tangu mwanzo."

Hapo ndipo ningetaka hadithi iishe. Pangekuwa na aibu, lakini aibu inayovumilika. Watu hukosea. Nusu ya nyuso zile zilikuwa tayari zimelegea.

Mama mdogo hakuwa amelegea. Alikuwa bado amesimama.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Mama..."

"Nimekuuliza, ulijua lini?"

"Niliporudi kutoka semina. Wiki saba zilizopita."

"Kwa hiyo siku ile ya mashuka ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikikwambia tunavyomwita mtu mzima, unajua."

"Ndiyo."

"Na huyu alipokuja kukuuliza?"

Fundi ndiye aliyejibu, taratibu, akiitazama sakafu. "Alijua."

Mama mdogo aliketi. Aliuweka mkoba wake mapajani akaushika kwa mikono miwili, na hakuniangalia tena siku ile.

Mambo ya kiofisi yalikwenda haraka. Meya aliahirisha kura kwa mtaa wetu. Sura ya mtaa huo iliondolewa kwenye mpango, na iliamuliwa mkutano wa maoni urudiwe chini ya mtu mwingine. Mwenzangu wa takwimu ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alikubali, na tangu siku hiyo hunisalimia kwa kifupi. Mkuu wa idara alinipa barua ya onyo. Kabla ya kunikabidhi alisema jambo moja tu: "Ungeniambia siku ya kwanza, tungebadilisha namba mbili." Nilisaini kwamba nimeipokea.

Nilimkuta Fundi nje ya ukumbi, akifungua kufuli la baiskeli yake. Nilianza kumwomba radhi. Alininyamazisha kwa mkono.

"Mimi umeniambia mle ndani, na nimesikia. Lakini waliokuwemo ni watu mia. Mtaa una watu wangapi? Wewe ndiye mwenye takwimu."

"Elfu mbili na mia nne."

"Mimi nimesemwa nyumba kwa nyumba," alisema. "Kaseme kule nilikosemwa."

Alipanda baiskeli akaenda.

Nilimwomba mama mdogo anisindikize. Alikuwa karoni, mikono imezama hadi viwiko. Aliniambia niende peke yangu.

"Mimi nina radhi zangu za kuomba," alisema, "na za kwangu hazina barua wala ripoti. Nimemtukana mtu mbele ya wanawe kwa kukutegemea wewe. Ondoka hapo, unanikinga jua."

Nilizunguka siku sita, kila siku baada ya kazi, kuanzia saa kumi. Nilibisha hodi, nikajitambulisha kana kwamba hawanijui, nikasema sentensi zilezile. Nilijua kuziandaa: nani alikosea, nini kilitokea, nani hakuwa na hatia. Baadhi walinikaribisha ndani na kunipa kiti, na hao ndio walionitesa zaidi. Seremala mmoja alisikiliza hadi mwisho akasema, "Kwa hiyo Bwana Lami ni wewe?" Nikamjibu kwamba ni mimi. "Basi pole," akasema, akaendelea kupiga randa. Mfuaji mmoja alinifungia mlango, kisha akaufungua tena kunidai nimtajie siku ya mkutano mpya. Bibi mmoja hakuwa amesikia habari yoyote, si ya rangi wala ya Fundi, ikabidi nimweleze kosa zima tangu mwanzo ili niweze kumwomba radhi.

Nyumba ya Fundi niliiacha ya mwisho. Sijisifu kwa hilo.

Yeye alikuwa dukani. Mke wake alikuwa kwenye baraza akishona pindo la taulo za kunyolea, ambazo zilikuwa nyingi na safi. Ni mwanamke mwembamba, mpole. Katika miaka yote sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Nilimwamkia akaitikia. Nikasema maneno yangu yote, nikiwa nimesimama chini ya ngazi. Alishona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Sijasikia," alisema.

Alikuwa amesikia. Nikasema tena.

"Binti yangu," alisema, "hizi nyumba zimeshikana. Walipokuwa wanamsema mume wangu nilikuwa hapahapa nilipo, na sikukosa hata neno moja, kutoka huku na kutoka kule. Wewe unaniambia mimi kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa najua. Usiku alikuwa anaongea mwenyewe, kijani pasiguswe, nyekundu pabadilishwe, anajipima. Nilijua hakuzichanganya. Sema, wao wasikie."

Dirisha la upande wa kushoto lilikuwa wazi. Upande wa kulia mtu alikuwa akichota maji kwenye pipa, na mlio wa kopo ulikuwa umekoma.

Nilipanda ngazi moja ili sauti ifike. Nikataja jina langu lote na kazi yangu. Nikasema nilichomwambia Fundi mlangoni, nilichosahau kuandika, na wiki nilizokaa kimya. Nikasema kwamba alikuja ofisini kuniuliza, nikamjibu kwamba sikumbuki, na kwamba nilikuwa nakumbuka kila neno. Sehemu hiyo sikuwa nimeisema katika nyumba yoyote kabla ya hapo. Sauti ilinipasuka katikati, na sikuwa na pa kuuficha uso.

Mke wa Fundi alichukua taulo nyingine, akatafuta pindo lililofumuka.

"Na upande ule wa nyuma," alisema. "Zunguka."

Nilizunguka.